Chumba Kisicho na Soketi

Mpelelezi hakuwa na gari, maana gari la kituo lilikuwa limepeleka watu mazikoni. Hakuwa na kamera. Ile ya ofisi ilikufa kioo mwaka juzi na hakuna aliyeijali. Hakuwa na msaidizi, hakuwa na buti zisizoingiza maji, wala mkuu wa kumuuliza jambo, kwa kuwa mkuu naye alikuwa kwenye gari lile la mazikoni. Muda aliobakiwa nao ulikuwa saa tano tu. Na zaidi ya yote hayo, hakuwa na pua. Pua ya kupambia uso alikuwa nayo, tena ndefu, lakini tangu homa kali ya mwaka uliopita haikumletea habari ya kitu chochote. Kila asubuhi mkewe alikuwa akimnusia maziwa kabla hajayanywa.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia. Siku tatu nyuma, saa saba mchana, chumba cha betri za sola nyuma ya hospitali ya wazazi kililipuka. Mlinzi wa hospitali, mtu mzima ambaye wote walimwita Koti kwa sababu hakuwahi kulivua koti lake hata wakati wa joto, alikutwa sakafuni amekufa. Katikati ya masalia ilipatikana spana yenye alama ya fundi aliyefunga mitambo ile. Fundi akakamatwa jioni hiyohiyo. Leo saa nane mchana angesomewa shtaka la kuua kwa uzembe, na hakimu aliyepangiwa kesi hiyo alijulikana kwa kufunga watu miaka mingi bila kupepesa jicho.

Fundi alitolewa mahabusu pekupeku, akishikilia suruali kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkanda walimnyang'anya.

"Kaa," mpelelezi alisema.

"Nikikaa sitainuka, Afande. Miguu imekufa ganzi."

"Basi simama. Spana ni yako?"

"Ni yangu. Nilimwachia Koti. Kila Jumatatu alikuwa anakaza nati za betri."

"Koti amekufa."

"Ndiyo balaa langu hilo. Shahidi wangu yuko kaburini."

"Bado. Wanamzika saa sita."

Fundi aliipandisha suruali kiunoni. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku tatu.

"Nieleze," mpelelezi alisema, akifungua daftari. "Betri inalipukaje?"

"Ukiijaza ikajaa, nawe ukaendelea kuijaza, inachemka. Ikichemka inatoa gesi. Gesi ikikosa pa kutokea inajikusanya, inangoja cheche moja tu. Ndiyo maana pale niliweka dirisha la vipande vya kioo, na sikulifunga."

"Kwa hiyo zilijaa zikapitiliza. Na mitambo ni yako."

"Zilijazwa na nini? Hebu tazama nje."

Mpelelezi akatazama. Mvua ilikuwa ikinyesha kama ilivyonyesha jana na juzi.

"Leo siku ya tisa," fundi alisema. "Siku ile ilikuwa ya sita. Siku sita bila jua, betri za sola zinalia njaa. Mwenye njaa atavimbiwaje, Afande?"

Hilo mpelelezi aliliandika, akalipigia mstari.

"Hakuna njia nyingine ya kuzijaza?"

"Ipo. Umeme wa shirika, kwa chaja. Watu wengi wanafanya, wala si dhambi, ila chaja iwe ya kujizima yenyewe, dirisha liwe wazi, na asimamie mtu anayejua. Lakini chumba kile hakina soketi. Mimi mwenyewe nilikataa kuweka. Ungeitoa wapi nguvu ya shirika mle ndani?"

Mpelelezi alifunga daftari. Alipofika mlangoni fundi akamwita.

"Afande! Ukienda kule ukasikia harufu ya mayai viza, usiingie."

"Mimi sisikii harufu."

"Hata kidogo?"

"Hata ya choo chenu hicho sisikii."

Fundi alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kumwogopea mtu mwingine badala ya nafsi yake. "Basi tumia masikio. Betri inayochemka inalia chwii, kama sufuria ya chai. Ukiisikia, usiguse swichi, usichomoe chochote mle ndani. Kuwasha ni cheche, kuchomoa ni cheche. Toka nje, kakate umeme kwenye swichi kuu. Halafu fungua madirisha kwa nje."

Chini ya upenu wa kituo alisimama mke wa fundi ameloa chapachapa, mkanda wa mumewe ameukunja mkononi. Mpelelezi alimpita bila kumtazama usoni.

*

Chumba cha betri kilikuwa na ukubwa wa jiko la nyumba ya kupanga. Bati moja la paa lilining'inia. Kuta zilikuwa nyeusi toka chini hadi juu. Mpelelezi alivua kofia, akasimama kizingitini akisikiliza. Palikuwa na sauti ya mvua tu.

Aliingia kwa hatua ndogondogo, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Karibu na mlango aliona kifungo cha koti kimeyeyuka, kimeganda kwenye sementi kama nta. Akajikaza, akaendelea.

Jalada lilisema betri nane. Kila betri ina vichwa viwili vya madini ya risasi, panapofungwa nyaya, na vichwa hivyo hata vikirushwa huwa havipotei. Mpelelezi alipiga magoti, akavikusanya kimoja kimoja kutoka kwenye majivu na maji ya mvua, akavipanga. Vilikuwa vinane. Akatafuta tena hadi pembeni. Vinane vilevile. Maana yake, betri zilizopasuka zilikuwa nne.

Aliinuka, akaitazama rafu ya chuma. Upande wa kulia ilikuwa imepinda na kuungua. Upande wa kushoto juu ya masizi palikuwa na miraba minne misafi, imejipanga. Vitu vilivyokaa pale vilikuwapo wakati wa mlipuko, vikaondolewa baadaye. Na chini, sakafuni, palikuwa na mraba wa tano, mdogo zaidi, wenye alama nne za vimiguu vya mpira.

"Wewe ulikuwa nani?" mpelelezi aliuuliza mraba ule kwa sauti ya chini.

Alizunguka kuta zote akipapasa kwa vidole. Kweli, hapakuwa na soketi. Lakini nyuma ya rafu, shibiri moja kutoka chini, kidole chake kilizama. Tundu. Lilikuwa limezibwa kwa pamba, na juu ya pamba imebandikwa plasta ya kufungia vidonda. Aligeuka kulitazama dirisha. Vioo vilikuwa vimemwagika nje, lakini kwenye fremu vilibaki vipande vya plasta ileile nyeupe, imebandikwa pande zote nne. Mtu alilifunga dirisha lile lisipitishe hewa hata chembe. Fundi hufunga vitu vyake kwa utepe mweusi. Ni watu gani wanaoshika plasta kila siku, wakaifanya dawa ya kila tundu?

"Unatafuta nini, Afande?"

Muuguzi mkuu alikuwa amesimama kizingitini, mrefu, sare yake nyeupe imepigwa pasi ikakaza kama karatasi. Hakuwa amemsikia akija. Hakujua alikuwa pale tangu lini.

"Natafuta betri nne, Sista."

"Zote ziliungua."

"Hukwenda kumzika Koti?"

"Nina watoto njiti watatu. Nimwachie nani?"

Alisema hivyo bila kupepesa, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa sare ukiufinya.

"Upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?"

"Chumba cha wazazi."

"Ningependa kuingia."

"Mwanamume haingii pale, Afande. Hata daktari anapiga hodi akangoja. Koti amefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja, hakuwahi kukanyaga hata kizingiti chake."

Mpelelezi hakubishana. Aliliandika hilo pia, ingawa hakujua bado atalifanyia nini.

*

Chumba cha njiti kilikuwa na dirisha kubwa la kioo linalotazama korido. Ndani kulikuwa na mashine tatu za joto, na ndani ya kila moja mtoto mdogo kama kiganja na nusu, kofia ya sufi kichwani. Mkunga mmoja kijana alikuwa akiandika joto lao kwenye kadi. Juu yao feni ilizunguka kivivu.

"Umeme ukikatika mnafanyaje sasa?" mpelelezi aliuliza.

"Tunawafunga vifuani mwa mama zao, tunaomba Mungu," alijibu muuguzi mkuu. "Wiki mbili zilizopita ulikatika usiku mzima, na betri za sola hazikufika asubuhi. Tulikuwa na njiti wanne. Kulipokucha walikuwa watatu."

"Pole sana, Sista."

"Pole haina joto."

Mara feni ilikata. Taa za korido zikazima zote kwa mpigo. Mahali fulani mtu akasonya, "Haya, wameanza!" Giza la mchana wa mvua likaingia hadi miguuni mwao.

Ndani ya kioo, taa tatu za kijani za mashine za joto zilipepesa mara moja, zikaendelea kuwaka.

Mpelelezi alizitazama. Kisha akamtazama muuguzi mkuu. Muuguzi mkuu alikuwa akimtazama yeye.

"Sista. Wale watoto wanapata umeme wapi?"

Nyuma ya kioo mkunga aliiangusha kalamu, wala hakuinama kuiokota.

Mpelelezi alipiga hodi, akaingia. Chini ya meza aliona kitambaa cha kijani kimefunika kitu. Alikiinua: inveta, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uwe wa kuendeshea mashine. Nyaya mbili nene zilitoka nyuma yake, zikafuata ukuta, zikapita chini ya mlango mwembamba wa mbao.

"Kuna nini humu?"

"Stoo ya mashuka," alisema muuguzi mkuu.

"Ufunguo."

"Ni mashuka tu, Afande."

"Ufunguo, Sista."

Alipompa, vidole vyake vilikuwa baridi kama vya aliyetoka kuosha nguo.

Mlango ulipofunguka mpelelezi aliona giza, na rafu za mashuka zimepanda hadi darini. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta tochi. Kidole kilikuwa juu ya swichi yake alipokumbuka maneno ya fundi, akauacha mkono hapohapo, mgumu kama wa sanamu. Akangoja macho yazoee. Taratibu aliziona: betri nne sakafuni, na kando yake kisanduku chenye vimiguu vinne vya mpira. Ilikuwa chaja nzito ya zamani, ya gereji ya malori, isiyojua kujizima. Dirisha dogo juu lilikuwa jeupe pande zote kwa plasta.

Hakusikia harufu yoyote. Kwa pua yake, stoo ile ilikuwa safi kama asubuhi. Lakini macho yalianza kumwasha na koo kumkereketa, na alipogeuka nyuma alimwona mkunga amejiziba pua na mdomo kwa aproni.

"Unasikia nini, binti?"

"Mayai, Afande. Mayai viza. Yananuka tangu asubuhi."

Umeme ukarudi.

Kwenye chaja taa nyekundu iliwaka kama jicho. Mngurumo ukaanza, wa chini, mzito, na juu yake ikaja sauti nyingine nyembamba kutoka kwenye betri: chwii, chwii, chwii. Ukuta mmoja tu uliwatenga na watoto watatu.

Muuguzi mkuu alipita kwapani mwake upesi, mkono umenyooka kuelekea plagi ukutani, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo kila siku. Mpelelezi alimdaka kifundo cha mkono vidole vyake vikiwa inchi mbili kutoka kwenye plagi.

"Usiguse!"

"Naizima!"

"Cheche! Utatuua wote. Rudi nyuma. Polepole. Usiburuze viatu."

Walirudi kinyumenyume wote watatu, pumzi wameishika. Kizingiti kilikuwa hatua nne na mpelelezi alizihesabu moja moja.

"Watoto vifuani mwa mama zao, mwisho kabisa wa baraza! Kisha fungueni dirisha la stoo kwa nje! Swichi kuu iko wapi?"

"Chini ya ngazi!"

Alikimbia. Buti zilizojaa maji zilimteleza kwenye kona, akapiga goti sakafuni, akainuka akichechemea. Chini ya ngazi palikuwa na kisanduku cha chuma chenye mkono mwekundu. Aliuvuta kwa mikono yote miwili, kichwa amekiinamisha, akisubiri mshindo.

Korido ikaingia giza. Mngurumo ukakata. Hakukutokea kitu. Aliegemea ukuta. Kisha akatoka kwenye mvua na kumkuta mkunga tayari yuko nje ya stoo, akivunja vioo vya dirisha kwa mpini wa mbao wa fagio, machozi yanamtoka.

*

Robo saa baadaye walikaa kwenye baraza. Mama watatu walikuwa mwisho kule, mablanketi mabegani, watoto ndani ya nguo zao. Muuguzi mkuu alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Chaja uliipata gereji," mpelelezi alianza.

"Niliazima. Baada ya yule mtoto kufa. Nilitaka kila umeme unapokuwapo, betri zinywe, zinywe hadi zijae. Mgao wa umeme ukija nisikutwe mikono mitupu."

"Chumba hakikuwa na soketi. Ukatoboa tundu, ukapitisha waya, ukachomeka chumba cha wazazi. Dirisha ukaziba kwa plasta."

"Harufu ilikuwa inawafikia wazazi. Nilidhani ni harufu tu."

"Na siku ile?"

Mvua ikaongezeka juu ya bati.

"Nilikuwa namsaidia mzazi," alisema mwishowe. "Nikamwambia Koti kwa dirishani, nenda kaitoe ile chaja, imetosha. Basi. Neno hilo tu."

"Plagi ilikuwa chumba cha wazazi."

"Ndiyo."

"Asikoweza kuingia."

Muuguzi mkuu alifunika uso. "Akaenda kwenye betri zenyewe. Akakitoa kibanio cha chaja kwa mkono, cheche ikaruka. Alikuwa na adabu, Afande. Angeniambia tu hawezi kuifikia!"

"Na waya?"

"Niliuvuta, tundu nikaliziba upya kwa upande wa betri. Kabla nyie hamjafika, chaja ilikuwa chini ya mashuka. Betri nne nzima pia tulikwisha kuzihamisha mimi na mkunga. Nilijiambia watoto kwanza, mengine baadaye. Kisha mkasema fundi. Nikanyamaza. Kila nilipotaka kusema, mashine moja ililia, nikakimbilia mashine."

Mpelelezi alitazama saa yake. Saa sita na dakika kumi.

"Ripoti yangu haiingii mahakamani bila sahihi ya mkuu wangu, na mkuu atarudi jioni. Saa nane fundi atakuwa amekwisha kusomewa shtaka, atapelekwa rumande ya mbali. Lakini barua ya shahidi kwenda kwa hakimu haihitaji sahihi ya mtu mwingine."

"Nikiiandika, mimi ndiye nitakayekwenda mahali pake."

"Huenda ikawa hivyo. Sitakudanganya."

"Na hawa?" Alinyoosha kidole mwisho wa baraza. "Leo mgao ni saa kumi na mbili jioni."

"Nani atazifunga betri zile upya zisitulipue? Wewe? Mimi?" Mpelelezi alisogea karibu. "Mji huu una mtu mmoja anayejua, Sista. Yuko mahabusu, ameshikilia suruali yake kwa mkono."

Muuguzi mkuu alinyanyuka, akaingia ofisini, akarudi na karatasi, bahasha na kalamu. Aliandika juu ya kadi ngumu magotini. Alipomaliza alimpa mpelelezi.

Mpelelezi alisoma: *Kwa bahati mbaya chaja ilisahaulika kwenye betri.*

Akamrudishia. "Nani alisahau?"

Muuguzi mkuu aliichana vipande vinne. Mkunga alimletea karatasi nyingine bila kuombwa, akabaki amesimama nyuma yake. Safari hii aliandika polepole. Aliandika jina kamili la Koti, lile ambalo mpelelezi alikuwa ameliona kwenye jalada tu. Aliandika kwamba fundi hakuwahi kuiona chaja ile, na kwamba spana alimwachia mlinzi kwa kazi halali. Kisha: *Mimi ndiye niliyetoboa ukuta na kuziba dirisha. Mimi ndiye niliyemtuma mlinzi, nikijua plagi iko mahali ambapo nimemkataza kuingia. Naomba fundi aletwe hospitalini leo kabla ya saa kumi na mbili, hata kama ni chini ya ulinzi.* Akatia sahihi. Mkunga naye akatia yake chini yake.

Muuguzi mkuu alilamba gundi ya bahasha. Ulimi ulikuwa mkavu, haikushika. Akalamba tena, ikafunguka tena. Mpelelezi alikinga kidole kwenye maji yaliyokuwa yakichuruzika upenuni, akampa. Muuguzi mkuu alipitisha tone lile kwenye gundi ukingo hadi ukingo, akakandamiza kwa gumba, akahesabu hadi kumi kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Tarishi wa hospitali alikuwa anafunga sanduku la sampuli za damu nyuma ya pikipiki. Kila siku wakati huu alizipeleka maabara, jengo la pili kutoka mahakamani.

"Hii kwanza," mpelelezi alisema. "Mkononi mwa karani wa hakimu. Si mezani, mkononi. Kisha damu."

"Italoa, Afande."

"Iweke ndani na damu."

Tarishi alifungua sanduku, akanyoosha mkono. Muuguzi mkuu aliishikilia bahasha upande wake, tarishi akaishikilia upande wake, na kwa kitambo hakuna aliyevuta. Mwisho wa baraza mtoto mmoja alilia, sauti nyembamba kama ya kinanda kibovu. Muuguzi mkuu aligeuza kichwa kuisikiliza, na vidole vikaachia.

Sanduku lilifungwa, mkanda ukakazwa. Pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili. Mara ya tatu iliwaka, ikatoka getini, ikaingia kwenye mvua.